Jibu Ambalo Sheikh Hakulitoa

Wiki tatu zilizopita nilisifiwa mbele ya watu, na tangu siku hiyo chakula hakinipiti vizuri. Ilikuwa harusi ya mjukuu wa Sheikh, yule aliyekuwa imamu wetu hapa Nyeri nilipokuwa mke mchanga. Sasa ni mzee wa kushikwa mkono, macho yameingia ukungu, lakini sauti ni ile ile. Walipomleta upande wa wanawake atuombee dua, mtu akamtajia jina langu, naye akasimama. "Mama Salma yuko hapa? Wanangu, mtazameni huyu. Mumewe aliugua mwaka mzima, ugonjwa mzito wa kiume, na yeye alikuwa na miaka ishirini na sita tu. Hakumkimbia. Mkitaka kujua mke ni nini, muulizeni huyu." Wasichana wakageuka wote kunitazama, hina mbichi mikononi, nami nikainamisha kichwa. Walidhani ni unyenyekevu. Haki ya Mungu, unyenyekevu wapi? Mmoja wao alinifuata mpaka nje nilipokuwa natafuta viatu vyangu, akaniambia baba yake amepatikana na ugonjwa huo huo, saratani ya tezi dume, na mama yake amechanganyikiwa. "Bibi, wewe ulifanyaje?" Nikamwambia nitamjibu siku nyingine. Basi naandika, maana kwa mdomo nimeshindwa karibu miaka hamsini.

Mume wangu, Athumani, alikuwa mchinjaji. Watu wa umri wangu wanakumbuka jinsi mji huu ulivyokuwa: ng'ombe aliyeuzwa bucha yoyote, hata ile ya Mkristo, alikuwa amechinjwa na mkono wa Mwislamu kule machinjioni, ili kila mtu aweze kununua. Mkono huo ulikuwa wa Baba Salma. Alikuwa Mkikuyu wa Kianyaga aliyesilimu akiwa kijana, na mtu aliyesilimu kwa hiari yake anaishika dini kwa mikono miwili kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake. Alinizidi karibu miaka thelathini. Aliswali alfajiri safu ya mbele, kisha akaenda kazini na kisu chake kimefungwa kwa gunia, na saa tatu asubuhi alirudi na ini ndani ya gazeti, nikalikaanga na kitunguu tukala kwa chapati za jana. Tulikaa Majengo, vyumba viwili vya udongo vilivyopakwa chokaa, mabati juu, na pazia la maua katikati badala ya mlango. Binti yetu mdogo, Salma, tulimpeleka Kianyaga kwa shangazi yake ugonjwa ulipozidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka ule tulikuwa wawili tu, mimi na yeye na lile pazia.

Ulianza na haja ndogo. Alikuwa anasimama chooni mpaka nafikiri amelala huko. Halafu siku moja ikafunga kabisa, tumbo likavimba, nikampeleka hospitali akiwa amejikunja kama mtoto. Wakamwekea mpira wa mkojo. Baada ya siku kadhaa daktari akatukalisha, akatuambia ni tezi dume, na kwamba ugonjwa umeshafika kwenye mifupa ya mgongo. "Kuuondoa hatuwezi," alisema, "tunaweza kuutuliza." Akaandika vidonge, akamweleza waziwazi kwamba ni dawa ya kupunguza nguvu za kiume mwilini, kwa sababu hizo ndizo zinazoulisha. Baba Salma alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akashika kofia yake. Tulirudi nyumbani na mpira ule ule, unaingia kwenye chupa niliyoifunga kwenye mguu wake kwa bandeji. Aliniona nikiimwaga jioni ya kwanza, akacheka. "Sasa mimi niko kama ng'ombe ya maziwa ya Mweiga," akasema. "Ati napimwa asubuhi na jioni!" Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mtu wa kujicheka mwenyewe kabla hujapata nafasi.

Lakini kuna kicheko kimoja kilikuwa changu, na nitakitaja kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Baada ya miezi miwili, vidonge vilimfanya kifua kivimbe, matiti kabisa, kama ya msichana anayeanza kukua. Nilikuwa namwogesha kwenye karai karibu na jiko la makaa, nikaona, na kicheko kikanitoka. Sikuwa namcheka yeye. Nilicheka kwa woga. Lakini angejuaje? Alivuta taulo akajifunika mpaka shingoni. "Cheka tu, Mama Salma," akasema. "Hata mimi nikijiangalia sijui huyu ni nani." Nikasema nimekumbuka kitu kingine. Hakuniuliza ni kitu gani, na mimi nikaendelea kumsugua mgongo.

Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, ule mwezi ambao Nyeri hatulioni jua na nguo hukaa kwenye kamba siku tatu, aliamka akasema mgongo umepoa, anaenda msikitini. Nikamfunga chupa vizuri, nikamvalisha kanzu na koti zito juu yake. Aliporudi alikuwa mtu mpya. Alinisimulia nani alimshika mkono, nani alimwachia nafasi yake ya mbele karibu na dirisha, Sheikh alihutubia nini. Wakati anasimulia, mimi nilikuwa naangalia kanzu. Ilikuwa imelowa kuanzia gotini mpaka chini. "Hii mvua ya rasharasha," akasema alipoona natazama. Nikainama kuivua, nikanusa. Haikuwa mvua. Kizibo cha chupa kilikuwa kimelegea. "Ni mvua," nikasema na mimi, nikaiweka kanzu majini. Uongo huo wa kwanza siujutii. Hata leo ningeusema.

Jumapili yake nilikuwa kwenye foleni ya bomba. Mbele yangu walikuwa wanawake wawili wa mtaa wetu, na hawakujua niko nyuma yao. "Ati jana waliutoa nje ule mkeka wa mbele, wakausugua na sabuni mpaka jua likachwa," mmoja akasema. "Kwani paka aliingia?" "Paka gani wewe! Paka mwenye kanzu." Wakacheka wakishikana mabega. "Maskini, na yule mke wake mdogo vile anajivunaga!" Nilijifunika uso kwa leso, nikatoka kwenye foleni, nikarudi nyumbani na debe tupu. Njiani niliapa kwamba Baba Salma hataenda tena mahali popote ambapo watu wataona. Nasema kweli: sikumlilia yeye njiani, nilijililia mimi. Niliona aibu kuwa mke wa mtu anayelowesha mkeka.

Sasa, wiki hiyo hiyo, yeye mwenyewe akaniletea jambo. Tulikuwa tunakunywa uji. "Mama Salma, iko kitu inanisumbua," akasema. "Mtu akiwa na hii mpira, mkojo inatoka tu bila yeye kutaka, si yeye ni najisi kila saa? Swala yake inakubaliwa? Na msikiti, anaweza ingia? Mimi sikusoma madrasa kama nyinyi. Hebu enda uniulizie kwa Sheikh." Mimi niliyesoma madrasa sikujua jibu; tulifundishwa udhu wa mtu mwenye afya. Nikamwambia, "Si umwulize mwenyewe?" Akatikisa kichwa. "Sheikh ni kijana, ningeweza kumzaa. Nianze kumwonyesha wapi?" Na kweli Sheikh wakati huo hakuwa amefika miaka arobaini. Kwetu mambo ya mwili mwanamke hamwulizi Sheikh ana kwa ana; anaenda jikoni kwa mke wa Sheikh, anamnong'oneza, mke anaingia ndani kumwuliza mumewe, anatoka na jibu. Ni njia rahisi, na kila mwanamke wa Majengo alikuwa ameipitia. Nikavaa buibui langu nikaenda.

Nilimkuta Mama Sheikh amekaa kwenye mkeka anachagua mchele wa Wang'uru, gunia zima walilokuwa wameletewa. Nikakaa, nikavuta ungo, nikaanza kumsaidia. Mchele wenyewe ulikuwa unanukia kabla ya kupikwa. Alizungumza juu ya watoto, juu ya bei ya mafuta ya taa, kisha akanitazama usoni. Alikuwa mwanamke mpole, mnene, asiye na umbea hata chembe. "Sema, mwanangu. Umekuja na jambo." Nikafungua mdomo. Nikayaona yale maneno, mpira, mkojo, mkeka, na nikamwona Sheikh ndani ya chumba akiunganisha mkeka uliooshwa na jina la mume wangu, kama vile alikuwa hajui! "Nimekuja kuazima ungo," nikasema. Akanipa ungo. Nikatoka na ungo wa watu mkononi ilhali wangu uko nyumbani umetundikwa ukutani.

Nilipoingia, Baba Salma alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa kanzu niliyoipiga pasi, kofia kichwani. Ilikuwa Alhamisi, alikuwa anajaribu tu. "Amesema nini?" Ningeweza kusema sikumkuta. Ningeweza kusema Mama Sheikh ana wageni, nitarudi kesho. Badala yake nikasema, "Amesema upumzike nyumbani. Msikitini hapana, mpaka upone." Akaitika kwa kichwa. "Na swala ya hapa nyumbani?" Hilo sikuwa nimelitayarishia jibu. Nilijua nikisema aswali nyumbani, atauliza kwa nini basi msikitini hapana, naye alikuwa mtu wa kuuliza mpaka mwisho. "Amesema usubiri mkojo ukome," nikasema. Akavua kofia, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya mto. "Basi," akasema. "Kama ni sheria ni sheria."

Nilijiambia ni ya wiki moja tu. Nitaenda tena, nitauliza, nitarudi niseme Sheikh amebadilisha. Kumbe uongo wa namna hiyo kila siku inayopita unazidi kuwa mzito kuubeba kuurudisha. Adhana ikilia, alizima redio, akakaa wima, mikono juu ya magoti, mpaka muda upite. Mimi nilitandaza mkeka wangu palepale mbele yake, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine, nikaswali, naye ananitazama kama mtu aliyesimama nje ya duka lililofungwa. Nikimaliza aliniambia, "Umeniombea na mimi?" Nikasema ndiyo. Mara mbili aliniomba niulize tena, labda kuna namna. Mara mbili nilivaa buibui, nikazunguka mpaka sokoni, nikarudi. "Ni vile vile," nikasema. Ya Rabi, mdomo huu!

Na Sheikh alikuja. Alikuja kumjulia hali mara tatu, nami nikamkuta mlangoni mara zote tatu. Amelala, Sheikh. Daktari amekataza wageni, Sheikh. Sasa hivi namwogesha, Sheikh. Aliacha ndizi, aliacha dua, akaondoka. Baba Salma akiuliza ni nani, nilimwambia ni muuza mkaa. Wachinjaji wenzake walileta miguu ya ng'ombe kwa supu, wakasimama uani wakiongea kwa sauti ili awasikie. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Siku ya Idi takbiri zilisikika mpaka kitandani, na yeye akageukia ukuta. Nilikuwa nimempikia pilau. Alikula vijiko viwili, akasema ni tamu, akasema kila mtu aletewe. Kwani kulikuwa na nani? Tulikuwa wawili. Katikati ya haya yote nilimwuguza, sikatai, na wanaonisifu hawadanganyi: nilimgeuza mgongo ulipokuwa hauguswi, nilichemsha mipira, nilifua mashuka kwa maji ya barafu ya mwezi wa nane, nilitembea mpaka hospitali kufuata vidonge mvua ikininyea. Sikuchoka. Nilifanya kila kitu ambacho mikono inaweza kufanya. Neno moja tu la mdomo ndilo lililonishinda.

Mwezi wa Februari hakuweza tena kukaa bila kuegemezwa. Siku moja alasiri nilienda kununua viazi kwa wanawake wa Mweiga waliokuwa wakiuza sokoni, nikamwachia jirani yetu, Bi Tatu, amwangalie. Nilirudi kwa mlango wa uani. Nikasikia sauti ya Sheikh nyuma ya pazia. Bi Tatu, ambaye hakujua lolote, alikuwa amemkaribisha, akaenda zake kupika. Nikasimama na kikapu changu, sikuweza kwenda mbele wala nyuma.

"Wewe unaswali ukiwa umelala, Mzee Athumani?" Sheikh alikuwa anauliza.

"Mimi siruhusiwi, Sheikh. Niko na mpira. Tangu Julai."

"Nani alikuambia huruhusiwi?"

Nilisikia pumzi za Baba Salma zikipanda na kushuka. Nilijua anafikiri, nilikuwa namjua. Alikuwa anajumlisha buibui langu, na ule ungo, na Sheikh aliyekuwa mlangoni mara tatu nikisema ni muuza mkaa.

"Hakuna mtu," akasema mwisho. "Ni mimi tu. Nilijihukumu mwenyewe. Mimi si msomi."

Sheikh akamweleza polepole, kama anavyomweleza mtoto, na sauti yake ilikuwa inakatika. Mtu wa udhuru huo anaingia wakati wa swala, anajisafisha, anafunga kitambaa, anachukua udhu, anaswali palepale, na kinachomtoka bila hiari yake hakimharibii kitu. Kila swala na udhu wake. Asiyeweza kusimama anakaa, asiyeweza kukaa analala, asiyeweza kuinama anaashiria kwa kichwa. "Na msikitini tungekutandikia nailoni yako mwenyewe pale pale karibu na dirisha," akasema. "Wewe umetulisha mji mzima, tungeshindwa na kipande cha nailoni?" Baba Salma akauliza, "Na zile zilizopita?" Sheikh akasema, "Utazilipa kadiri Mungu atakavyokujalia nguvu, na zilizobaki Yeye anajua." Halafu wakaswali pamoja. Nilisikiliza mpaka wakatoa salamu. Kamba ya kikapu ilikuwa imenikata vidole na sikuwa nimehisi.

Sheikh alipotoka alinisalimu kwa heshima, macho mekundu, akaenda zake. Nikaingia. Nilingoja nitukanwe. Laiti angenitukana! "Umerudi?" akasema Baba Salma. "Viazi ni mzuri? Niletee maji, Mama Salma. Nataka nianze kulipa." Ndivyo tulivyoishi siku kumi na moja. Nilimmiminia maji ya udhu, nikamfuta, nikamfunga kitambaa safi, na yeye akaswali kwa kichwa na macho, swala ya wakati wake na juu yake zile alizodaiwa, moja baada ya nyingine mpaka shingo inatetemeka. Alizifuata kwa mpangilio, kwa sababu hakutaka kumchanganya Mungu. "Hii ni adhuhuri ya ile Ijumaa ya kwanza niliyokaa nyumbani," angesema, "sasa alasiri yake." Alikuwa na miezi saba ya kulipa na pumzi ya siku chache. Kila nikimpa maji alisema asante. Hakusema neno jingine juu ya jambo lile, nami kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, na kila jioni niliosha karai nikalala.

Siku ya kumi na moja Bi Tatu alimtazama miguu, ilivyoanza kupoa, akanivuta kando. "Mwanangu, muombe mumeo radhi. Asiondoke bila." Ni desturi yetu, mke anapiga magoti, anasema niwie radhi, mume anajibu nimekuwia radhi, basi, yamekwisha, hakuna anayeuliza zaidi. Wengi hawaweki hata fikira ndani yake. Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamshika mkono, ule mkono mzito wa mchinjaji, ambao sasa ulikuwa mwepesi.

"Baba Salma, niwie radhi."

Akafumbua macho. "Kwa lipi?" akasema.

Bi Tatu akadhani akili imeanza kumtoka. "Mjibu tu, baba, ni kawaida," akamwambia. Lakini mimi nilijua akili yake haikuwa imeenda popote. Alikuwa ananitazama, wala hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili: Sheikh sikumwuliza. Nikamtazama Bi Tatu, amesimama na kikombe cha maji, masikio yake mawili wazi, na nikafikiria kesho kwenye foleni ya bomba. Mume wangu anakata roho, na mimi nafikiria foleni ya bomba.

"Kwa yote," nikasema.

Aliendelea kunitazama kidogo. Kisha akanibana vidole, kwa nguvu aliyokuwa nayo.

"Haya," akasema. "Kwa yote."

Akaomba maji. Nikamchukulisha udhu, akaanza tena, midomo tu, adhuhuri moja ya mwezi wa Agosti, na hakuimaliza.